Marehemu wa Sehemu ya Injini

Mwezi uliopita niliteremka kwenye pikapu la matangazo kwa mara ya mwisho, na tangu siku hiyo vijana wawili walioishika kazi yangu hawajaacha kunipigia simu. Wanauliza mambo madogo madogo: upepo ukitoka mlimani spika zielekezwe wapi, familia ikibishana kuhusu jina la marehemu litajwe lipi. Nimechoka kujibu kwa simu, kwa hiyo naandika. Nitaandika na yale ya gemu, maana najua ndiyo mnayoyatafuta, na haya mengine mtayapitisha macho tu. Habari za malipo sitaziandika. Hazikuwa na utamu zilipokuwa mpya, sembuse sasa.

Mimi ni Mama Flora. Hapa Babati watu wengi wanaifahamu sauti yangu kabla ya kunifahamu mwenyewe, na wakiniona huwa wanasikitika kidogo. Walidhani ni mtu mrefu.

Kazi niliipatia nje ya kanisa, Bagara. Nilikuwa msomaji wa masomo ya Jumapili, na Jumapili hiyo lilikuwa limeniangukia lile somo la ukoo, fulani akamzaa fulani, mpaka mwisho wa ukurasa. Mzee Gwandu, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa akitangaza kwa gari katika mji huu wote, alinisubiri nje.

"Binti, wale watu unawajua?"

"Hapana, mzee."

"Umewasoma kama shangazi zako. Njoo kesho."

Kesho yake nikaenda. Pikapu lilikuwa la Baba Rehema, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, na mara nyingi aliliendesha yeye mwenyewe. Juu ya kabini zilifungwa spika mbili za mdomo mpana kwa mipira ya baiskeli. Amplifaya ilikaa miguuni pangu, ikichoma kama jiko. Maiki ilifungwa leso ya Mzee Gwandu ili pumzi isivume, na sharti la leso lilikuwa moja: isifuliwe kwa sabuni yenye harufu, utapiga chafya katikati ya msiba.

Siku ya kwanza tulitangaza chanjo ya mbwa. Nilisema vizuri, nikashusha maiki, nikasahau kuizima. Mzee Gwandu akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni kwa woga, na tumbo linalia mpaka naogopa litasikika. Lilikuwa limeshasikika. Tulipofika kona ya Nangara, mama mmoja alikuwa amesimama barabarani na sahani ya makande. "Ya mtangazaji," akasema. Mzee Gwandu hakunigombeza. Alisema kazi ya kutangaza ni kufikisha ujumbe, na ujumbe umefika.

Kulikuwa na kesi ngumu. Mfugaji mmoja wa Mutuka alipotelewa na mbuzi, akataka tangazo. Nikaandaa: mbuzi mweupe, sikio moja limekatwa, atakayemwona atoe taarifa. Yule mfugaji akakataa. Alisema watu wa huku ndio waliomla yule wa mwaka juzi, kwa hiyo hana haja ya kuzungumza na watu. Alitaka nizungumze na mbuzi. Baba Rehema akacheka hadi akasimamisha gari, lakini Mzee Gwandu akanigeuzia maiki na kusema, "Mteja ni mteja." Basi tukapita Mutuka yote nikisema, "Mbuzi, kama unasikia, rudi nyumbani. Hakuna aliyekukasirikia." Jioni mbuzi akarudi. Sijui nisemeje zaidi ya hapo. Wiki nzima walinijia watu wenye ng'ombe, na mmoja mwenye mume.

Lakini kazi yenyewe hasa ilikuwa misiba, na hapo Mzee Gwandu hakuwa na utani. Zima injini kwenye kona, usitangaze kifo gari likitembea. Sema "habari za msiba" mara mbili, kisha nyamaza kidogo, mama aipue sufuria. Taja jina, taja ukoo, taja mtaa. Usimsifu marehemu, hiyo ni kazi ya wenye kumjua. Usilie, maana ukilia wewe wao wafanye nini? Na la mwisho, usitangaze kifo ambacho hujafika mlangoni pake. Fika kwanza. Salimia. Ona kwa macho yako kwamba pana msiba, ndipo upande gari. Kwa sharti hilo hatukukosea hata mara moja, yeye wala mimi, na yeye alipofariki nilifika mlangoni pake kama alivyotaka, nikasalimia, nikapanda gari. Sikulia mpaka nilipozima maiki. Mara hii nilihakikisha imezimika.

Sasa tuje kwenye gemu.

Rehema, binti wa mwenye gari, alisomea kompyuta mbali na hapa, akarudi akapanga chumba Bagara. Baba yake alidhani atafungua duka la kuchapa na kutoa kopi. Rehema akafunika kuta kwa magodoro, akaziba dirisha kwa blanketi, akajifungia. Siku moja alinikuta nimekaa ndani ya pikapu nikisubiri safari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

"Mama, naomba sauti yako. Natengeneza gemu."

"Ya mpira?"

"Hapana. Ya kutisha. Inatokea angani, mbali kabisa na dunia."

"Kuna majini?"

"Hakuna."

"Nyoka?"

"Hakuna kitu chochote, mama. Ndicho kinachotisha."

"Sasa mtu anaogopa nini?"

Akapanda, akafunga mlango wa gari, akanieleza kwa utaratibu kama daktari mpole anavyomweleza mgonjwa. Kuna mtu, jina lake Daudi, anaamka ndani ya chombo cha angani. Wenzake wote wamekufa. Chombo kinaongea, na sauti ya chombo ndiyo ingekuwa yangu. Kinamwambia tengeneza bomba hili, funga mlango ule, naye anatii akidhani akimaliza atarudi nyumbani. Kadiri anavyotengeneza ndivyo anavyogundua mambo. Dunia haipo tena. Mwishowe anafungua chumba cha wagonjwa, anakuta maiti kitandani, na maiti hiyo ni yeye mwenyewe. Yule mtu alikufa zamani na wenzake. Chombo kilichukua kumbukumbu zake kikazitia ndani ya vazi la chuma, kwa sababu mabomba yalihitaji fundi.

"Kwa hiyo yeye ni nani?" nikauliza.

"Nakala."

"Na mimi ndiye nitakayemwambia?"

"Ndiyo, mama."

 Nikamuuliza kama baba yake anaijua kazi hii. Akasema anaijua, na alipoelezwa alisema, "Kamuulize Mama Flora." Baba Rehema ni mtu mwerevu. Hakuna jambo gumu asilojua wa kulipeleka.

Nilikubali kwa sababu nilitaka kujua mwisho wake.

Kurekodi ukimya wa angani katika mtaa wa Bagara si kazi ndogo. Upande mmoja palikuwa na mashine ya kusaga, upande mwingine jogoo ambaye hakutambua asubuhi wala mchana. Mashine ilinyamaza pale tu umeme ulipokatika, na umeme ukikatika Rehema alikimbilia betri. Kwa hiyo tuliishi tukiuombea umeme ukatike, watu pekee mji mzima wenye dua hiyo, na ukirudi tulisonya. Jogoo aliingia ndani ya gemu mara mbili. Rehema alimtoa mara moja. Mara ya pili alimwacha, akasema kumsikia jogoo mbali hivyo kunatisha kuliko chochote alichokibuni yeye.

Nilidhani kusoma nakujua. Mstari wa kwanza tu Rehema alinisimamisha.

"Mama, unamwonea huruma."

"Amefiwa na wenzake wote."

"Chombo hakijui huruma. Kinajua tu namna huruma inavyotamkwa. Toa huzuni, acha adabu."

Nilijaribu siku nzima. Jioni nilipoipata, nywele zilinisimama. Ile sauti ilikuwa na adabu zote za Mzee Gwandu, na ndani yake hapakuwa na mtu. Nawaambia ukweli, yule binti alinifundisha kitu kuhusu sauti yangu ambacho sikukijua kwa miaka yote ile. Nilizoea kuisikia ikinirudia kutoka kwenye kuta za nyumba, lakini ilinirudia nikiwa bado naongea. Sasa nilikaa nimefumba mdomo, nayo ikasema kutoka kwenye boksi: "Wewe si Daudi. Daudi alifariki." Nilirudi nyumbani, nikawa naosha vyombo huku nikijitazama mikono.

Tulibishana mahali pamoja tu. Kwenye maandishi yake palikuwa na mstari: wafanyakazi wote wamefariki. Nikamwambia hilo si tangazo, ni uvumi. Majina yao? Akasema hawana majina, ni gemu. Nikasema basi aseme hawakuwahi kuwepo, mambo yaishe. Rehema akafikiri, akaona ni kweli kwamba wakiwa na majina kitisho kitakuwa karibu zaidi, akayatunga. Aliyachanganya kwa uangalifu, jina la huyu na ukoo wa yule, asije akamgusa mtu. Mji wetu ni mdogo. Ukichanganya majina ya hapa, hata iweje, yuko mtu atakayeitika.

Mstari ule niliusoma kwa mtindo wangu kamili. Mlango wa kubisha haukuwepo. Nilitazama godoro ukutani, nikasoma.

Siku ya soko kubwa, Rehema alipeleka gemu yake, ikiwa bado haijaisha, kwenye kibanda cha kijana anayeitwa Chuma, wanakocheza gemu za mpira. Alitaka kuona kama vijana wataogopa. Chuma, kwa akili za biashara, alitoa spika moja kubwa nje ili kuvuta wateja. Basi katikati ya soko, mchana, watu wakiwa na vitunguu mikononi, ikasikika: "Habari za msiba. Habari za msiba. Tunasikitika kutangaza vifo vya ndugu zetu, waliofariki wakiwa kazini. Yohana Sulle, wa chumba cha hewa. Paulo Tarmo, wa sehemu ya injini." Ikaendelea hivyo.

Chumba cha hewa hakuna aliyekijua. Lakini Paulo Tarmo alijulikana. Alikuwa kijana wa Mutuka, na kazi yake ilikuwa kuhudumia injini ya dizeli kwenye mashine ya kusaga ya mjomba wake.

Mimi nilikuwa nyumbani nimelala na mafua. Niliamshwa na jirani aliyekuja kunipa pole kwa kazi nzito ya mchana ule. Nilipomwelewa sikutafuta hata viatu vya kufanana. Nilipanda bodaboda hadi Mutuka, na njiani niliwapita akina mama waliojifunga khanga kiunoni, na ndoo za unga kichwani, na vijana wawili wenye jembe na sururu.

Nyumbani kwa Tarmo turubai lilikuwa limeshafungwa. Vyungu viko motoni. Na kwenye benchi la mbele, pale wanapokaa wafiwa, alikaa Paulo Tarmo mwenyewe, mikono magotini.

"Paulo!" nikamwita. "Wewe si mzima?"

"Na mimi ndivyo nilivyodhani, Mama Flora."

"Imekuwaje ukae hapa?"

"Nilikuwa sokoni nanunua mkanda wa mashine. Nikasikia jina. Nikasema ni Paulo mwingine. Nikasikia 'wa sehemu ya injini'. Nikarudisha mkanda dukani."

"Kwa nini uurudishe?"

"Ungenisaidia nini?"

Nikamkalia karibu, nikamshika mkono, ulikuwa wa moto kabisa. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia watu kuwa yu hai. Akasema amewaambia. Mjomba wake alimjibu kuwa Mama Flora hajawahi kukosea. "Na mimi nikaona ni kweli," Paulo akasema. "Nikafikiri labda mambo haya huanza hivi. Unatangazwa kwanza, mwenyewe unafuata. Nikaona nirudi nyumbani, si vizuri kukutwa sokoni."

Nilisimama nikawaeleza watu kuhusu gemu, chombo cha angani na nakala. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonitazama kwa huruma. Mzee mmoja akauliza, kwa nia njema kabisa, kama yule wa kitandani amekufa na huyu wa chuma anatembea, sasa huyu Paulo wetu ni yupi? Hakuna aliyecheka. Paulo mwenyewe alinigeukia akisubiri jibu.

"Ni wa kitandani ambaye hajafa," nikasema, na hilo ndilo nililoweza.

Shangazi yake, ambaye hakuwa akisemeshana naye tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, alikuwa amelia kuliko wote, na mbele ya ukoo mzima alikuwa ametangaza kumsamehe. Alipokubali kwamba Paulo hajafa aliendelea kulia, maana msamaha ulikuwa umeshatoka. Na chakula kilikuwa kimeiva. Mjomba akatoa uamuzi kuwa chakula cha msiba hakirudishwi nyumbani. Tukala. Paulo alikula sana kwa mtu wa hali yake.

Ofisi ya kata ilituita, mimi na Rehema na Chuma. Mtendaji alikuwa mtu wa haki, lakini alihangaika. Kosa lenyewe aliandikeje? Alimuuliza Paulo anadai nini. Paulo akasema hadai kitu, anaomba tu atangazwe kuwa yu hai. Lilionekana ombi jepesi. Tulipita mitaani siku mbili nikisema, "Paulo Tarmo wa Mutuka yu hai na ni mzima wa afya." Nyinyi mnaoanza kazi, msije mkafanya hivyo. Mtu hatangazwi kuwa yu hai. Watu walianza kuulizana kwa nini tunasisitiza.

Tangu hapo sauti yangu ikawa na ufa. Nilitangaza mkutano wa wazazi, vijana wa bodaboda wakanipigia kelele, "Mama, wa chumba cha hewa nao waje?" Watoto walikimbia nyuma ya gari wakisema "wewe ni nakala, wewe ni nakala". Nilicheka nao. Nilidhani yatapita, kama mambo ya mbuzi yalivyopita.

Kisha akafariki Bibi Marselina, mke wa Mzee Bura wa Nangara. Walikuwa wazee wawili peke yao, watoto wako mbali. Nilifika mlangoni asubuhi. Mzee Bura alinipokea mwenyewe, amevaa koti lake la kanisani, akaniambia jina kamili la mkewe kana kwamba sikumjua. Nikapanda gari. Baba Rehema akazima injini kwenye kila kona, nami nikasema habari za msiba mara mbili, nikanyamaza kidogo. Katika ule ukimya, kona ya kwanza, mtu alicheka. Kona ya pili mama mmoja alitoka mlangoni, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Hii gemu yenu mmeitia na wazee?" akaingia ndani.

Saa sita mchana tulirudi kwa Mzee Bura. Chini ya turubai palikuwa na mabenchi ya kuazima, yamepangwa vizuri, na juu yake watu wa nyumba mbili za jirani tu, wale waliosikia kilio kwa masikio yao. Mzee Bura alinijia taratibu.

"Mama Flora, gari limeharibika?"

"Hapana, mzee."

"Nilidhani limeharibika."

Akarudi kukaa. Kaburi lilikuwa halijaguswa. Mazishi yalipangwa saa kumi, na wanaume waliokuwepo hawakutosha hata kubadilishana sururu. Katika kazi yangu yote nimesema majina ya waliolala, na siku zote baada ya jina watu wakaja. Sikuwahi kujua kwamba inawezekana kulisema jina na asije mtu. 

Baba Rehema alisema tupite tena. Nikamwambia nikipita mara mia ni sauti ile ile. Rehema, aliyekuwa amekuja kusaidia kuchota maji, aliweka ndoo chini. Uso wake ulikuwa umepauka. Alisema anakwenda kwa Chuma kuzima kila kitu na kuwatoa vijana wote mle ndani, na akaondoka kwa miguu bila kusubiri jibu. Mimi nikamwambia baba yake tuelekee Mutuka.

Paulo Tarmo alikuwa kwenye mashine, amepakwa oili hadi viwikoni. Nilimweleza. Hakuuliza swali. Alinawa mikono kwa petroli, akazima injini, akaacha wateja wakishangaa na madebe yao, akapanda katikati yetu.  Tulipofika Nangara aliomba kwanza tupite nyumbani kwa marehemu. Akashuka, akaingia ndani, akatoka akiwa amevua kofia. Ndipo akanyoosha mkono, nami nikampa maiki.

Aliishika karibu mno na mdomo, sauti ikawa nzito.

"Watu wa Nangara, poleni na kazi. Mimi naitwa Paulo Tarmo. Ndiyo, yule. Nimefika kwa Mzee Bura, nimeingia ndani, nimemwona mkewe. Bibi Marselina amefariki kweli. Mimi nilirudi. Yeye harudi. Naomba mje na majembe."

Akasema hivyo kila kona, bila kubadilisha neno. Kwenye kona ya kwanza mlango mmoja ulifunguka. Kwenye ya tatu nilimwona yule mama aliyeuliza kuhusu gemu akitoka anakimbia, khanga anajifungia njiani. Kutoka sokoni walikuja vijana wa Chuma, Rehema mbele yao, kila mmoja na chochote alichokipata cha kuchimbia, mmoja na koleo la zege la duka la Baba Rehema. Walikuja na aibu, na watu wenye aibu huchimba haraka. Saa kumi Bibi Marselina alizikwa na watu wengi kiasi kwamba mabenchi hayakutosha. Mzee Bura aliwapa mkono wote. Alipofika kwa Paulo aliushikilia ule mkono muda mrefu, akamwambia, "Asante, marehemu." Paulo akajibu, "Pole, mzee."

Nilimwambia Rehema siku ile ile kwamba nastaafu. Hakunibembeleza. Alibadilisha yale majina yote, akaweka ya mitume na manabii, watu ambao wamekufa bila ubishi. Nilidhani ndio mwisho wa mimi na chombo chake.

Baada ya matanga, mchana mmoja, Mzee Bura alibisha hodi kwenye kile chumba cha magodoro. Nilikuwepo, nimefuata mwavuli wangu. Akasema amesikia kuna mtu mle ndani aliyeachwa peke yake, anataka kumwona.

Rehema alimpa kiti, akamwonyesha vitufe. Mzee Bura alimtembeza yule mtu wa chuma taratibu sana, kama mtu anayemwongoza mgeni nyumbani kwake. Mabomba hakuyagusa. Alimpitisha vyumba vyote vya waliokufa, mmoja mmoja, akamfikisha kwenye dirisha kubwa lenye nyota. Hapo akahangaika na vitufe.

"Binti, anakaaje huyu?"

"Hakai, mzee. Hakuna kitufe cha kukaa."

"Tangu wenzake wamekufa hajakaa?"

"Hajakaa."

Mzee Bura alimtazama yule mtu kwenye kioo. "Basi ndiyo maana hatulii," akasema. Akamshukuru Rehema, akachukua fimbo yake, akaondoka.

Rehema alijifungia wiki nzima. Aliponiita alinionyesha: dirishani pametokea benchi refu la mbao, kama yale ya kuazima, na ukibonyeza, yule mtu wa chuma anakaa, mikono magotini. Hana la kufanya zaidi ya hapo. Nyota zinapita.

"Mama, nahitaji sauti ya chombo hapa. Akishakaa kinamwambia nini?"

Nilifikiri. Nikamwambia mtu aliyekaa msibani haambiwi kitu. Anakaliwa karibu.

"Basi nirekodi hiyo," akasema.

"Ipi?"

"Ya kumkalia karibu. Kimya cha mtu si sawa na kimya cha mashine imezimwa. Nikiweka kitupu kitasikika ni kitupu."

Kwa hiyo kazi yangu ya mwisho, wadogo zangu, ilikuwa kukaa mbele ya maiki na kutosema neno. Rehema alivaa visikilizio, akafunga mlango, akanipa ishara. Nikanyamaza. Nilimkumbuka Mzee Gwandu, na Bibi Marselina, na mabenchi. Alipoona inatosha alizima, akarudisha nyuma, akasikiliza kwa makini huku amefumba macho.

"Mama, samahani," akasema. "Tunaweza kurudia? Hapa ulikuwa na haraka kidogo."

Nikarudia.